Mwili umerudi, je, nitoke soba mapema?

Assalaam alaykum, Bi Mshauri, na shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 28, mtu wa hapa Unguja. Nakuandikia nikiwa soba, nyumba ya wanaoacha dawa za kulevya, leo siku ya 74. Aliyewahi kukaa humu atajua kwa nini nahesabu siku na si miezi. Kila asubuhi mtu husimama akataja jina lake na siku zake, na ukikosea wenzako wanakusahihisha.

Nimetumia unga, yaani heroini, miaka sita. Nilianza kwa kokteli, unga ndani ya msokoto wa bangi, kama walivyoanza wengi, na mwaka wa mwisho nikawa najidunga. Nilipoletwa hapa nilikuwa na kilo 47. Zile siku za arosto, mateso ya mwili unapokosa unga, sipendi kuzikumbuka. Siku ya pili na ya tatu nililala sakafuni mlangoni mwa choo, kwa sababu saruji ilikuwa baridi na choo kilikuwa karibu. Wiki ilipopita tumbo likatulia, njaa ikaja. Njaa gani hiyo! Chai ya rangi vijiko vitano vya sukari, boflo zima peke yangu, mchana nasafisha sinia, usiku nanyatia ukoko jikoni. Leo mizani inasema kilo 64.

Kufika siku ya 40 nikachoka kukaa. Ratiba ya humu ni kuamka, usafi, tafakari, kikao, kula, kulala, kikao, sigara, kikao. Na usingizi wa usiku sina, saa nane macho yamenikauka kama ng'onda. Nikaanza kupiga tizi uani, pushapu na kuruka kamba. Kisha nikaomba ruhusa, mimi na mwenzangu mmoja tuwe tunakimbia pwani baada ya sala ya alfajiri. Tunatoka getini, tunapita kwenye minazi, tunashuka mchangani, tunakimbia mpaka penye mtumbwi mbovu uliopinduliwa, tunageuka. Pale hatupiti. Mbele ya ule mtumbwi kuna banda ninalolijua, na wanaokaa humo wananijua. Kwenda na kurudi mara tatu. Bi Mshauri, sijui nikuelezeje. Jasho linatoka, jua linachomoza, kifua kinauma lakini maumivu matamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niache kupata raha ambayo sikuinunua.

Na sigara nimeacha. Humu tunagawiwa tano kwa siku, saa kumi jioni watu wanakaa chini ya mti wa mkungu wanavuta. Mimi leo nina siku 19 sijavuta. Sukari nimeshuka hadi kijiko kimoja. Wali nakula nusu, samaki na mchicha naongeza. Kila kitu naandika kwenye daftari: mizunguko, pushapu, vijiko, kilo. Wenzangu wananiita Daktari, wananicheka. Jioni wao wako chini ya mkungu, mimi uani na pushapu zangu.

Sasa kilichotokea ni hiki. Wiki mbili zilizopita yule mwenzangu wa mbio hakurudi. Tulipofika penye mtumbwi mimi nikageuka, yeye akaendelea. Nikamwita, akanipungia mkono. Siku ya tatu familia yake ikamrudisha, ameshatumia. Tangu siku hiyo msimamizi wetu, ambaye na yeye alikuwa mtumiaji na sasa ana miaka tisa hajagusa, amepiga marufuku mbio. Nikamwambia kosa si langu. Akanijibu nimeacha vitu vingi kwa mpigo, bora nirudi kwenye sigara zangu nikae na wenzangu, na kwamba hizo mbio zimekuwa kete yangu mpya, yaani pakiti yangu mpya ya unga. Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka. Mtu anahimizwa avute sigara, jamani!

Ijumaa akaja kaka yangu mkubwa, ndiye anayenilipia. Akanitazama, akacheka: "Wewe umeshapona. Tazama shavu!" Ana duka la vipuri vya pikipiki na kijana wake wa kuuza ameacha kazi. Anasema pesa anazolipa huku ni bora anipe mimi kama mshahara. Programu ni ya miezi minne, bado mwezi na nusu. Hesabu yangu ni kwamba nyumbani nitakimbia nipendavyo, mama atanipikia chakula cha maana, kazi itanichosha nitalala. Hapa nalishwa wanga, navutishwa moshi wa watu, nafungiwa kama kuku.

Niseme na hili, mwaka juzi niliingia soba nyingine, nikatoka siku ya 60, wiki mbili hazikwisha nikarudi maskani. Lakini wakati ule nilitoka nimekonda, sina nguvu, sijui mazoezi. Safari hii mwili upo. Na tafadhali usinielekeze kwenye methadoni, ile dawa ya kliniki wanayokunywa watu badala ya unga, mimi nataka mwili safi.

Mama hasemi kitu. Akija analeta ndizi, anakaa, anaondoka.

Kuna na jino la nyuma linanisumbua, ila hilo dogo.

Nitoke au nibaki?

Daktari wa Soba, Unguja

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya pili nilishika kalamu, kwa sababu wewe ni mtu wa hesabu na nilitaka nikufuate kwa hesabu zako. Unaniuliza utoke au ubaki. Nikisoma ndani naona unauliza kitu kingine pia: mwili ukishapata nguvu, je, si ndiyo nimepona? Kaka yako kasema ndiyo, msimamizi kasema siyo, na wewe umekaa katikati na daftari.

Kwanza nifurahi na wewe kidogo. Kilo 17 si mchezo. Unga hukata hamu ya kula, hufunga choo, hukausha mate, na mtu akiuacha mwili huanza kudai vyote kwa pamoja. Hiyo tamaa ya sukari usiione aibu, wengi wanaoacha huipata, kwa kuwa kitu kitamu hugusa kwenye ubongo palepale pa raha palipokuwa pakiguswa na unga, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Umepunguza mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Ila hapo kwenye nusu sahani ya wali nilisita. Kijana anayekimbia mizunguko mitatu kwenye mchanga na kupiga pushapu jioni, anayetoka kwenye kilo 47, anapunguza wali wa nini? Ongeza maharage, ongeza dagaa, mchicha na samaki endelea navyo, lakini ushibe. Naamini kwenye vikao mmeshafundishwa mambo manne yanayomvizia mtu anayepata nafuu: njaa, hasira, upweke na uchovu. Soma tena barua yako. Unalala na njaa, umemkasirikia msimamizi, jioni uko peke yako uani, na saa nane usiku macho makavu. Yote manne yamo, na baadhi umeyaandika kama mafanikio ya afya.

Usingizi nisiuache. Arosto yenyewe huisha kwa wiki moja hivi, lakini usingizi huchelewa kurudi, mara nyingi wiki nyingi, kwa wengine miezi. Si kwamba umeharibika. Ubongo uliolazwa kwa unga miaka sita unajifunza kulala wenyewe. Nimeona kwenye ratiba yenu kuna kulala mchana. Jaribu kwa wiki moja kuuruka huo usingizi, ukae na kitabu au usaidie jikoni, uone usiku utakuwaje. Na chai nayo, hata ya kijiko kimoja, isiwe ya usiku.

Kwenye sigara mimi na msimamizi wako, kwa heshima ya miaka yake tisa, tunatofautiana. Zamani ilikuwa kawaida kusema anayeacha unga aachiwe sigara yake, asije akaelemewa. Tafiti zilizofuata hazikuunga mkono woga huo. Kuacha sigara ukiwa kwenye matibabu hakumrudishi mtu kwenye dawa, na wengi walioacha vyote walikuja kufanya vizuri zaidi. Kwa hiyo siku zako 19 mimi sitakwambia uzitupe. Lakini jua na hili: wiki za mwanzo bila sigara humfanya mtu awe na hasira za karibu. Ulipogombana na msimamizi ulikuwa na siku tano tu hujavuta. Ile mikono iliyotetemeka, sehemu yake huenda ilikuwa ya sigara.

Hata hivyo nadhani msimamizi aliona kitu, akakikosea jina. Hakikuwa moshi, kilikuwa ule mkungu. Saa kumi jioni, watu wamemaliza vikao rasmi, wamekaa chini, kila mtu na sigara yake, ndipo maneno hasa yanapotoka. Pale mtu husema nimeota unga jana, mke wangu ameolewa, namkumbuka mwanangu. Wewe ulipoacha sigara uliacha na kikao kile. Kurasa zote ulizoniandikia zina mizunguko, pushapu na vijiko. Mwenzako wa kuzungumza naye sijamwona hata mmoja. Inawezekana ukakaa upande upepo unakotokea, na zile ndizi za mama mkononi, dakika kumi. Sisemi ni rahisi, harufu ya sigara kwa mtu wa siku 19 ni mtihani, na ukiona inakushinda ondoka. Au mchukue mmoja tu, mkae pembeni, mbali na moshi.

Nije kwenye "kete mpya". Neno limekuuma, na ningekuwa wewe lingeniuma. Mazoezi si kete. Yanashusha tamaa, yanatuliza moyo, yanasaidia usingizi, na ile raha isiyo ya kununua uliyoniandikia ni ya kweli. Lakini nikuulize, siku isiyo na mbio unakuwa mtu gani? Wiki mbili umekaa bila kukimbia, na katika wiki hizo hizo umefikia kutaka kuondoka. Labda ni sadfa. Labda mbio zilikuwa zimebeba mzigo peke yake, zilipoondolewa kila kitu kikalala upande mmoja. Sijui, wewe ndiye unayekaa humo.

Kuna jambo umelipita haraka sana. Yule mwenzako. "Nikamwita, akanipungia mkono." Umeiandika ikapita, ukaenda moja kwa moja kwenye marufuku na kosa si lako. Mwanangu, mtu uliyekuwa ukitoka naye jasho kila alfajiri alikuacha mchangani akaenda kutumia, na wewe ukarudi getini peke yako. Umelizungumza hilo kwenye kikao? Umelia? Umejiuliza kama ungemfuata? Ningependa kujua ulihisi nini njiani unarudi, kwa sababu naona hasira yote imemwangukia msimamizi, na huenda si yote ni yake.

Halafu nikapiga hesabu. Leo siku ya 74, tukio ni wiki mbili zilizopita. Ilikuwa siku ya 60. Siku ile ile ya 60 uliyotoka ile soba ya mwaka juzi. Safari hii siku ya 60 ulifika penye mtumbwi, banda linaonekana, rafiki yako anakwenda, na wewe ukageuka. Kwangu hilo ni kubwa kuliko kilo 17, na sidhani kama umeliandika kwenye daftari.

Ndiyo maana nataka tuitazame ile sentensi yako, "safari hii mwili upo." Unaamini mwaka juzi ulirudi maskani kwa sababu ulikuwa umekonda. Inawezekana. Lakini aliyekugeuza penye mtumbwi alikuwa msuli? Nionavyo mimi mlikuwa mmepatana mapema pa kuishia, mlikuwa na saa ya kurudi, na kulikuwa na watu getini wanaokungoja. Nyumbani kwenu na kule dukani, mtumbwi wako utakuwa wapi?

Na hapa niseme kitu kigumu, kwa sababu nisipokisema nitakuwa nimekudanganya. Mwili wako wa sasa umeusahau unga. Kiasi ulichokuwa ukijidunga zamani na kusimama, leo kinaweza kukata pumzi. Wanaotoka soba, na wanaotoka jela, wiki za mwanzo ndizo zinazowaua, na wengi wanakufa wakiwa wamenenepa na wanapendeza, kwa dozi ambayo zamani ilikuwa ya kawaida kwao. Ipo dawa ya kumrudishia mtu pumzi, naloksoni, lakini haikai kabatini kwa mama. Sikutishi. Nataka wewe na kaka yako mlijue hili kabla ya kuangalia shavu.

Kazi ya kaka siidharau. Kazi nayo ni tiba, tena nzuri, na kaka anayetaka kukuweka dukani kwake baada ya miaka sita ya unga ni kaka wa kushukuriwa. Ila duka la vipuri lina droo ya pesa, na linapitiwa na vijana wa pikipiki kutwa, kati yao wamo wanaokujua kwa jina lile lingine. Muulize kama anaweza kumshika mtu wa muda kwa wiki sita. Kama hawezi, muulize msimamizi kama mwishoni mwa programu wanaruhusu mtu kwenda kazini mchana na kurudi kulala. Baadhi ya nyumba hufanya hivyo. Hilo nalo lina hatari yake, utakuwa unatoka kila siku na kurudi na pesa mfukoni, na umeona mwenzako alivyoponyoka asubuhi moja tu. Mshahara unaweza kukaa kwa mama kwa miezi ya mwanzo, kama nyote wawili mtakubali na haitakuwa fedheha kwako.

Ukiamua kutoka sasa, na ni haki yako, toka ukijua jioni ya kwanza utakuwa wapi. Duka likishafungwa, kabla ya isha, nani yuko na wewe? Kikao cha karibu ni siku gani? Sponsa wako, yule aliyekutangulia kuacha na anayekushika mkono, ni nani, na simu yake unaipiga hata siku nzuri? Ukikosa majibu ya hayo, mpango wako una mbio na chakula, bado hauna watu. Ukibaki, nako kuna gharama. Hasira ikikaa mwezi na nusu bila kusemwa inaoza, na nafasi ya dukani inaweza kwenda. Mbio pia unaweza kuziombea upya, si kwa kubishana nani alikosa: watu wanne, mmoja wao mfanyakazi wa nyumba, mara tatu kwa wiki. Anaweza kukataa. Basi kamba ya kuruka bado iko uani.

Umeniomba nisitaje methadoni, naomba unisamehe nitaitaja mara moja. Muhimbili ilianza kuitoa 2011, hapa kwetu kliniki ya Kidongo Chekundu ipo tangu 2015. Wapo wanaokunywa dozi yao asubuhi wakaenda kazini, wakalea watoto, wakacheza mpira. Sikupeleki huko. Ila ukiuita mwili wao mchafu, siku ukiteleza utaona aibu kupita mlango ambao ungekuokoa. Uache wazi tu. Na kama usafi wa mwili ndio unaoutafuta, mwaka wa mwisho ulikuwa ukijidunga, na barua nzima haina neno kupima. Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C havionekani kwenye kioo wala kwenye mizani. Vina matibabu, lakini kwa aliyepima. Kuchelewa kwako nakuelewa, kuingia pale kunatisha kuliko kukimbia.

Mama akija na ndizi mara nyingine, usimwonyeshe daftari. Muulize anaonaje. Amekaa kimya muda mrefu, pengine anangoja kuulizwa.

Na jino si dogo. Unga ulikausha kinywa, vile vijiko vitano vikamalizia, na sasa halina tena kitu cha kulizimisha maumivu. Maumivu ya usiku ni mlango mwingine wa kurudi. Omba ruhusa wiki hii uende na mfanyakazi wa nyumba, na kabla daktari wa meno hajaandika dawa mwambie historia yako yote, asije akakupa tramadoli kwa nia njema. Hiyo ni ndugu wa damu wa unga.